Rimu za inchi 17, 18 au 19: ipi itakaa bila tairi kusugua?

Anayetaka kubadilisha rimu huanza karibu kila mara na swali moja: gari langu linabeba inchi ngapi? Swali linaeleweka, kwa sababu inchi ndizo zinazoonekana kwa macho. Lakini inchi peke yake hazisugui kitu. Rimu ya 18 inaweza kukaa kwa raha mahali ambapo ya 17 inakwaruza fenda kila unapopita kwenye tuta. Kinachoamua ni mambo mawili: kimo kizima cha tairi, na gurudumu limesogea milimita ngapi kuelekea nje na ngapi kuelekea ndani ukilinganisha na lile la kiwandani. Ukizishika namba hizo, kazi inabaki kujumlisha na kutoa, na hakuna muuzaji atakayekubabaisha.

Tuchukue gari dogo la kawaida lililotoka kiwandani na tairi la 205/55R16 kwenye rimu yenye upana wa inchi 6.5 na ET45 (ET ni ofseti ya rimu, nitaieleza chini ya jedwali). Mwenye gari ameona seti tatu na anataka kuchagua moja. Kabla ya kuzipanga, kumbuka maana ya maandishi ya ubavuni: 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni urefu wa ukuta wake kama asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo ukuta ni 205 mara 0.55, yaani karibu milimita 113. Kuta mbili, ya juu na ya chini, jumlisha na rimu ya milimita 406, unapata kimo cha 632. Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi kwa tairi lolote lenye maandishi ya namna hii.

| | Kiwandani | Seti ya 17 | Seti ya 18 | Seti ya 19 |
|---|---|---|---|---|
| Tairi | 205/55R16 | 225/45R17 | 225/40R18 | 235/35R19 |
| Upana wa rimu | 6.5 | 7.5 | 8 | 8.5 |
| ET | 45 | 40 | 40 | 35 |
| Kimo cha tairi (mm) | 632 | 634 | 637 | 647 |
| Ongezeko la kimo | – | 0.4% | 0.8% | 2.4% |
| Ukuta wa tairi (mm) | 113 | 101 | 90 | 82 |
| Rimu inatoka nje zaidi (mm) | – | 18 | 24 | 35 |
| Rimu inaingia ndani zaidi (mm) | – | 8 | 14 | 15 |

Mistari miwili ya mwisho ndiyo yenye habari, na ndiyo isiyoandikwa kwenye matangazo ya kuuza rimu. Tuone inavyopatikana. ET, au ofseti, ni umbali wa milimita kati ya uso wa rimu unaolala kwenye habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) na mstari wa katikati ya upana wa rimu. ET ikishuka, gurudumu zima linatoka nje. Ikipanda, linaingia ndani. Sasa chukua seti ya 17. Upana umeongezeka inchi moja, nusu yake ni milimita 12.7 kila upande. ET imeshuka kutoka 45 hadi 40, kwa hiyo gurudumu limesogea nje milimita 5. Upande wa nje: 12.7 jumlisha 5, karibu 18. Upande wa ndani: 12.7 toa 5, karibu 8. Kwisha.

Hesabu hiyo ni ya ukingo wa rimu. Kwa tairi lenyewe unachukua nusu ya tofauti ya upana wa matairi, hapa ni milimita 10, kisha unajumlisha au kutoa ile tofauti ya ET. Majibu mawili hayatalingana. Mimi hutumia lililo kubwa zaidi, kwa sababu upana ulioandikwa kwenye tairi hauaminiki hadi milimita ya mwisho. Matairi mawili yenye 225 kutoka viwanda viwili yanaweza kupishana milimita kadhaa, na tairi moja likiwekwa kwenye rimu pana zaidi kwa nusu inchi hutanuka takriban milimita 5. Mengine yana mdomo wa mpira unaojitokeza kulinda rimu isichubuke kwenye kingo za barabara. Milimita hizo hazionekani dukani, utazisikia barabarani.

Mimi nilizisikia. Gari langu lilikuwa na vipimo hivi hivi vya kiwandani, nikanunua rimu za 18, upana wa 8, ET35, nikaambiwa "hizo zinakaa tu, usiwe na wasiwasi." Na kweli zilikaa. Niliendesha siku nne peke yangu, sikusikia chochote. Siku ya tano nikapakia watu watatu nyuma, tukafika kwenye tuta la kwanza, ikatoka sauti kama mtu anaburuta kiti cha chuma sakafuni, kisha harufu ya mpira ulioungua. Nilipoinama na tochi niliona ukingo wa ndani wa fenda ya nyuma umekwanguka rangi mpaka chuma kinang'aa, na bega la tairi lina mfereji mwembamba, kama limepitishwa kisu, kulizunguka tairi lote. Nilipopiga hesabu baadaye nikakuta rimu zile zilitoka nje kwa milimita 29. Nafasi niliyokuwa nayo kati ya tairi la zamani na ukingo wa fenda ilikuwa 22. Hazikuwa na njia ya kukaa. Zilikuwa zinasubiri mzigo tu. Nikazibadilisha na rimu za upana ule ule zenye ET45, zikatoka nje 19 na kuingia ndani 19, na kwa ndani nilikuwa na nafasi ya 30. Inchi ni zile zile, matairi ni yale yale, kelele hakuna, ingawa nje zilibaki milimita 3 tu, chini ya kiasi ambacho ningekushauri wewe.

Ndiyo maana kabla ya kulinganisha seti, pima gari lako, tena kila upande na kila gurudumu, kwa sababu mbele na nyuma havifanani. Kwa nje, simamisha gari mahali tambarare, chukua uzi wenye nati imefungwa mwishoni kama uzito, uuning'inize kutoka kwenye ukingo wa fenda juu kabisa ya kitovu cha gurudumu, kisha pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi sehemu ya tairi iliyojitokeza zaidi. Kwa ndani kuna ugumu kidogo kwa kuwa rula haiingii. Njia ninayoipenda ni ule udongo laini wa kuchezea watoto: bandika bonge kwenye shokapu mahali inapokaribiana na tairi wakati gurudumu limefunguliwa, rudisha gurudumu, kaza nati, shusha gari, kisha lipandishe na kulifungua tena. Unene wa udongo uliobaki baada ya kubanwa ndiyo nafasi uliyonayo. Gari liwe juu ya stendi imara, jeki peke yake haitoshi.

Kisha ujue kwamba milimita za ndani na za nje hazina thamani moja. Shokapu ya mbele katika magari mengi madogo imefungwa kwenye kishikio cha gurudumu na inapanda na kushuka pamoja nalo, kwa hiyo umbali wao haubadiliki sana. Milimita 5 pale zinakutosha. Fenda ni sehemu ya bodi, na bodi inalishukia gurudumu kila ukipakia au kupita shimoni. Huko nje nisingekubali kubakiwa na chini ya milimita 10 gari likiwa tupu, labda kama gurudumu linapopanda kichwa chake huinamia ndani kiasi cha kuingia chini ya fenda. Mwinamo wa digrii moja kwenye tairi la kimo hiki husogeza juu ya tairi ndani kwa milimita 5 na nusu hivi. Si kidogo, lakini ukiuzidisha kwa makusudi ili tairi lipite, utalila bega la ndani la matairi kabla ya wakati wake.

Turudi kwenye seti zetu tatu, tukijalia gari lina nafasi ya milimita 30 nje na 22 ndani.

Seti ya 17 inabakiza 12 nje na 14 ndani. Kimo kimeongezeka milimita 2 tu, kwa hiyo mita ya mwendo na gia hazitaona tofauti, na tairi halijasogelea plastiki ya mbele wala ya juu. Ukuta umepungua sentimita moja na kidogo. Utahisi usukani unajibu haraka zaidi kwenye kona, na mashimo bado yatakusamehe. Hii ndiyo ningeichagua kwa gari la kila siku, na ningeichagua bila kusita.

Seti ya 18 inabakiza 6 nje na 8 ndani. Ndani ni sawa. Nje ni pale pale nilipokwama mimi. Ukiwa unaendesha peke yako hutasikia kitu, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu utaamini umepatia. Lakini angalia: tatizo hapa halikuletwa na inchi 18. Tafuta rimu hiyo hiyo yenye ET45 na hesabu inakuwa 19 nje, 19 ndani. Unabaki na 11 nje na 3 ndani. Sasa ndani pamebana kupita kiasi. Yenye ET43 inakupa 9 na 5, na hapo unaweza kuongea. Au punguza upana wa rimu uwe 7.5, ambao tairi la 225/40R18 linaukubali, ukiwa na ET43: unapata 15 nje na 11 ndani, gari linabaki na nafasi ya 15 nje na 11 ndani, na hakuna mpita njia atakayejua kwamba rimu yako ni nyembamba kwa nusu inchi. Wenye haraka huiona rimu pana kuwa ndiyo nzuri. Wenye gari lisilosugua wanajua thamani ya ile nusu inchi.

Seti ya 19 inavuka mpaka: inahitaji 35 nje wakati ipo 30. Tena kimo kimepanda milimita 15, ambapo nusu yake, 7 na kitu, inaelekea juu kwenye fenda na nyingine chini. Mita ikionyesha 100 wewe uko kwenye 102 na zaidi, kama ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ukuta wa milimita 82 ukiingia kwenye shimo lenye kingo kali, mpira unabanwa hadi kwenye rimu, na ama rimu inapinda ama nyuzi za ndani zinakatika na tairi kutoa uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe ni la kutupa, halizibwi. Kwa gari hili nasema hapana.

Upande wa mbele una mtego wake ambao vipimo vya gari lililonyooka havionyeshi. Gurudumu likikatwa, linazunguka kwenye mhimili wa usukani ulio upande wa ndani. Kadiri lilivyotoka nje ndivyo linavyochora duara kubwa zaidi, na kona yake ya mbele inafikia plastiki ya bampa huku ya nyuma ikifikia ukingo wa chini karibu na mlango. Ndiyo maana mtu anashusha ET ili aiokoe shokapu, anafanikiwa, kisha gari linaanza kukwaruza akiwa anapaki. Ofseti ndogo mno pia huufanya usukani uvutwe na mabonde ya barabara na huongeza mzigo kwenye beringi.

Hapo ndipo huingia swali la spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya rimu na habu. Spesa ya milimita 10 kwenye rimu ya ET45 inakufanya uwe na ET35, hakuna zaidi ya hapo, hesabu haibadiliki. Ni dawa ya rimu inayogusa kwa ndani, si ya inayogusa kwa nje. Ukilinganisha spesa na rimu yenye ET sahihi, rimu sahihi inashinda kila wakati, lakini spesa nzuri si dhambi: iwe na mdomo unaoshika habu katikati, na nati ibaki ikishika uzi wa stadi (bolti ya habu inayoshika nati) kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12 inataka angalau milimita 12 za uzi ndani ya nati. Ikipungua, weka stadi ndefu au achana na spesa.

Kati ya kukunja ukingo wa fenda na kununua tairi jembamba zaidi, mimi naanza na tairi. Kukunja ukingo kunarudisha milimita chache, na kukifanywa bila kupasha rangi joto, rangi hupasuka na kutu huanza pale pasipoonekana. Plastiki ya ndani ikiguswa kidogo gurudumu likikatwa mpaka mwisho, hiyo inaweza kurudishwa nyuma na kufungwa. Wala isikutie hofu.

Kushusha gari ni ulinganisho mwingine kabisa. Springi fupi zinakula nafasi ya juu kabla hata hujabadilisha rimu, kwa hiyo anayetaka vyote viwili aanze na springi, aache gari litulie, afanye alaimenti, kisha ndipo apime kwa uzi na rula. Akinunua rimu kwanza atazinunua mara mbili. Na kwa wenye magari ya juu wanaotaka tairi kubwa: kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kimo kinatoka 776 kwenda 803, na kwenda 285/70R17 kinafika 831. Kuinua gari kwa springi ndefu kunalipa tairi nafasi likiwa limesimama, lakini gurudumu likipanda mpaka mwisho linafika pale pale lilipokuwa likifika zamani, isipokuwa zile raba za kuzuia gurudumu lisipande zaidi zimerefushwa. Ndiyo maana gari lililoinuliwa bado linaweza kusugua kwenye njia mbovu.

Yapo mambo mengine ambayo hayahusu kusugua lakini yanaweza kuifuta seti nzima kwenye orodha yako. Mpangilio wa matundu ya nati lazima ulingane kamili. 5x112 na 5x114.3 (idadi ya matundu, kisha kipenyo cha duara lao kwa milimita) zinakaribiana kiasi cha kudanganya mkono, na hazibadilishani. Shimo la katikati likiwa kubwa kuliko habu, weka ringi za kujazia, vinginevyo usukani utatetemeka kwenye mwendo. Nati ziwe na umbo la kikalio cha rimu, iwe koni, duara au bapa. Uzito ambao tairi linabeba nao si wa kupuuza: la kiwandani la 205/55R16 huwa na namba 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi, wakati 225/40R18 la kawaida lina 88, kilo 560. Hilo halifai hapa. Toleo lililoimarishwa, lenye herufi XL, lina 92, kilo 630, na linahitaji upepo zaidi kuliko la zamani ili libebe mzigo ule ule. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne liwe na matairi manne ya kimo kimoja, bila mjadala.

Ukitaka njia ya mkato iliyo salama, tazama matoleo ya juu ya gari lile lile. Kama kiwanda kiliuza toleo lenye inchi 17 au 18, vipimo vyake vya upana, ET na tairi vimekwisha kujaribiwa kwa mzigo kamili na usukani umekatwa mpaka mwisho. Mara nyingi vimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Hakikisha tu kwamba toleo hilo halikuwa na fenda pana zaidi, kwa sababu baadhi huwa nazo.

Na kabla hujalipa seti nzima, omba kufunga gurudumu moja mbele na moja nyuma. Paka chaki kwenye ukingo wa ndani wa fenda na kwenye plastiki. Kata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, ukienda mbele na ukirudi nyuma. Jaza watu, kisha panda kitu kama ukingo wa lami kwa gurudumu moja, kiupande, ili springi za pembe moja zibanwe peke yake. Shuka na tochi. Mahali chaki ilipofutika ndipo panaposugua. Kama yote iko palepale, funga manne, na baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.